Televisheni Mpya Hapa, King'amuzi Kule Nyumbani



Kila mwaka, majuma machache kabla ya Super Bowl, maduka ya hapa Marekani hushusha bei za televisheni, na nyumba zetu nyingi hubadilisha. Ya inchi 43 inatoka, ya inchi 65 inaingia. Sina ugomvi na hilo. Anayefanya zamu za usiku ana haki ya kupumzika mbele ya kioo kizuri. Lakini televisheni mpya haiji peke yake. Inakuja na Netflix, YouTube TV, katuni za watoto, na mwisho wa mwezi mume na mke wanakaa mezani kutafuta cha kupunguza.

Mara nyingi kinachokatwa kwanza ni kifurushi cha king'amuzi cha wazazi. Hoja huwa moja: "Siku hizi wana simu, wataangalia YouTube."

Sisi tuliotoka Tanzania tunakumbuka jinsi ving'amuzi vilivyoingia majumbani. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na antena ya zamani peke yake ikawa haitoshi. Wengi wetu tuliwanunulia wazee king'amuzi, tukaanza kulipia kila mwezi tukiwa huku. Ligi Kuu iko Azam TV. Bila kifurushi, mzee hana Simba na Yanga. Hiyo YouTube ya kwenye simu inataka bando, na kioo chake ni kidogo kwa macho ya miaka sabini. Tena jirani hawezi kuja kukaa mkatazama pamoja.

Mtu atasema: "Sikuahidi kitu, nilikuwa nasaidia tu." Hoja hii ni nzito, tusiipuuze. Msaada ni hiari, na hiari ikigeuzwa deni watu wataogopa kusaidia. Hata hivyo, jambo ulilolifanya kila mwezi kwa miaka saba, mwenzako akapanga jioni zake kwa kulitegemea, limeshakuwa ahadi hata kama hukulitamka. Katika Mathayo 5 Yesu anakataza viapo kwa sababu neno la kawaida la mtu linatakiwa kutosha. Naona tendo la kawaida nalo husema.

Sasa tazama tunavyoyatendea makampuni. Mwezi Juni 2023 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, FTC, iliishtaki Amazon ikidai kwamba iliwaandikisha watu Prime bila ridhaa yao, kisha ikafanya kujitoa kuwe kugumu. Ndani ya kampuni, njia hiyo ya kujitoa ilipewa jina la Iliad, ule utenzi mrefu wa Wagiriki juu ya vita vya Troy. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa.

Mama hana ukurasa wa namna hiyo. Ukiacha kumlipia, hakuna anayekuuliza mara tatu kama una uhakika, wala hakupi punguzo la miezi miwili ili ubaki. Akipiga simu ataulizia wajukuu, ataulizia baridi, na king'amuzi atakitaja mwishoni kabisa, au asikitaje. Basi tunabaki na kile ambacho ni kigumu kukiacha, tunaacha kile ambacho ni rahisi, halafu tunaita hiyo bajeti. Wale wa Marko 7 walitumia neno Korbani: mali imewekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo wazazi wasiitegemee. Wao angalau walitaja hekalu.

Kabla ya kugusa king'amuzi, fungua kwanza taarifa ya benki. Usajili wa huduma hizi umefungwa kwenye akaunti na kadi yako, haujafungwa kwenye kifaa. Ukiuza televisheni ya zamani, au ukimpa ndugu aliyefika juzi, makato yanaendelea vilevile. (Na ukimpa, ondoa akaunti zako kwanza.)

Je, mtu amefungwa milele? Hapana. Kazi hupotea, saa hupunguzwa, kodi ya nyumba hupanda. Aliyeshindwa na aseme mapema, kwa kupiga simu, na asikilize jibu. Pengine mzee mwenyewe angependa hela hiyo iende kwenye dawa za presha, au atatosheka na kifurushi kidogo. Ninachokipinga ni kimya. Saa mbili usiku baba anawasha televisheni apate taarifa ya habari, jirani ameshakaa, na kwenye kioo kuna maandishi tu. Anadhani king'amuzi kimeharibika. Kesho yake anamwita fundi, anamlipa.