Hongo ya Mpita Njia

Likitajwa neno "hongo" siku hizi, msikilizaji hufikiria bahasha iliyopitishwa chini ya meza. Lakini neno hili lina nasaba ya zamani zaidi, wala haikuwa nasaba ya kificho. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulipoingia katika nchi ya mtemi, kiongozi wake alitoa doti za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, ndipo akapewa ruhusa ya kupita, kununua nafaka na kuchota maji. Malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Yalitolewa mchana, mbele ya mashahidi, aghalabu baada ya mabishano marefu, na kila aliyekuwapo alijua nani kampa nani, na kwa sababu gani. Neno hilo sasa limebakia jina la rushwa. Wazo lililokuwa ndani yake, kwamba apitaye katika nchi ya mtu anadaiwa, limekosa jina.

Mvumi, katika wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, ni mahali pazuri pa kulitafuta wazo hilo. Leo msafiri akiulizia Mvumi ataonyeshwa Mvumi Misheni, penye hospitali na shule za kanisa la Kianglikana, na Mvumi Makulu, yaani Mvumi kubwa. Henry Morton Stanley alifika huko Mei 1871 akimtafuta Livingstone, naye katika kitabu chake aliandika habari za Mvumi ndogo na Mvumi kubwa. Kabla ya kufika alikuwa amevuka nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, jina lenye maana ya maji machungu. Wapenzi wa mashairi watalitazama jina hilo mara mbili: neno ambalo kwa Kiswahili ni mtunzi na mwimbaji, malenga, kwa Kigogo ni maji. Stanley hakuwa na nafasi ya kuufurahia ulinganifu huo. Alichokiandika kwa wingi ni manung'uniko juu ya hongo. Wazungu wenzake waliopita Ugogo waliandika vivyo hivyo, nao wafanyabiashara wa pwani walinung'unika vilevile, wakiwahesabu Wagogo kuwa watu wakali na wenye tamaa.

Kuna hesabu nyingine ambayo walalamikaji hao hawakuipiga. Ugogo ni nchi ya mvua chache, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nazo hunyesha baina ya Desemba na Aprili tu. Kiangazi kikishika, mito hubaki michanga, na maji hutafutwa kwa kuchimba. Kisima kilichochimbwa ili kiwatoshe watu wa kaya kadhaa na ng'ombe wao, siku moja kiliingiliwa na mamia ya wapagazi wenye kiu. Mtama na uwele uliohifadhiwa kungojea mavuno ulitakiwa uuzwe kwa wapitaji. Yule aliyeiita hongo unyang'anyi alikuwa amekwisha kunywa maji ya mwenyewe.

Haifai hata hivyo kuipamba hongo. Doti za merikani zilimfikia mtemi na wakubwa wake, na hakuna wa kusema kwamba ziligawiwa kwa haki hadi kwa binti aliyeshinda kisimani na kibuyu chake. Tena misafara yenyewe ilichukua pembe za ndovu, na mara nyingi ilichukua wanadamu waliouzwa. Hongo haikuisafisha biashara hiyo. Lililokuwa na thamani ndani yake ni jambo moja tu: mwenyeji alikuwa na uwezo wa kutaja bei, na uwezo wa kusema hapana.

Sasa na atazamwe msafiri wa leo. Mathalani ni kijana wa kisiwani, amefanya kazi mwaka mzima, na katika likizo yake ameamua kuijua nchi kwa fedha kidogo, peke yake, mkoba mgongoni. Anavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha anapanda treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024. Mjini analala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, anatembea Uwanja wa Nyerere, anauangalia msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010 na jengo la Bunge kwa nje. Anasimuliwa kwamba jina la Dodoma linatokana na idodomya, "imezama", kwa sababu ya tembo aliyedidimia topeni. Siku ya pili anataka kuona vilima, majabali na mibuyu, basi anatafuta gari la kwenda Mvumi asubuhi na kurudi jioni. Safari hii haina ubaya wowote. Afadhali mara mia kijana huyu kuliko yule anayelijua bara kwa masikizi.

Lakini safari ya fedha kidogo ina fahari yake, na fahari hiyo ndiyo yenye kuhitaji kupimwa. Msafiri akirudi huwahadithia wenziwe jinsi alivyompunguzia mwenye bodaboda, jinsi alivyokula wali na maharage kwa bei ya chini kabisa, na jinsi alivyolala bure kwa watu aliokutana nao garini. Kila alichokiokoa anakihesabu kuwa faida, kana kwamba shilingi hiyo ilitoka hewani. Wahenga waliosema "rahisi ghali" walikuwa wakimwonya mnunuzi asijidanganye. Methali hiyo ina upande wa pili: kilicho rahisi kwa huyu, ughali wake umemwangukia mwingine. Shilingi mia tano iliyopunguzwa kwa mwendesha pikipiki ni mafuta aliyoyanunua yeye. Ndoo ya maji ya kuoga aliyowekewa mgeni uani imebebwa na mtu kutoka kisimani, na mtu huyo hajawahi kuingia katika hesabu ya safari ya yeyote.

Hapa mtu atauliza: basi kusafiri kuwe kwa matajiri tu? Swali hili ni zito, nalo lina jibu la kale ambalo watu wa pwani wanalijua vyema. Sheria ya Kiislamu imemweka mwana wa njia miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka. Msafiri amefupishiwa sala na kuruhusiwa kula mchana wa Ramadhani kisha alipe baadaye. Mgeni naye ana haki ya kukirimiwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Maskini aliye njiani, basi, si mwizi wa ukarimu. Ana fungu lake.

Ila na iangaliwe ni msafiri gani aliyepewa fungu hilo. Ni yule ambaye masurufu yamemwishia akiwa mbali na kwao. Yule aliyepanga tangu nyumbani kwamba masurufu yake yaishe, ili pengo lizibwe na watu ambao wana kidogo kuliko yeye, ni mtu mwingine. Wawili hao wanaweza kuvaa viatu vya namna moja na kugonga mlango mmoja, na mwenye nyumba asiweze kuwatofautisha. Wao wenyewe wanajitofautisha. Uhaba wa kwanza ni ajali na wa pili ni mbinu, na mbinu haina haki ya kudai kilichowekewa ajali.

Hiyo ni hesabu ya tumbo na kitanda. Ipo na hesabu ya macho, iliyo ngumu zaidi, kwa kuwa kutazama hudhaniwa hakumgharimu mtu. Msafiri anasimama juu ya jabali, anaona bonde, vichaka vilivyorudi kumea na udongo mwekundu, anasema: mandhari nzuri, na ni ya bure. Je, ni ya bure kweli? Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi HADO, ili kuzuia mmomonyoko uliokuwa ukiila nchi hiyo. Katika Kondoa, mifugo iliondolewa 1979 katika maeneo yaliyoharibika sana. Mwaka 1986 ikafika zamu ya Mvumi. Ng'ombe kwa Mgogo ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima ya mtu barazani. Waliamriwa watoke ili nchi ipumzike, na majani yakarudi. Watu wenye elimu ya mambo hayo wamebishana kuhusu faida na hasara za hatua ile, na hapa si mahali pa kuamua. Inatosha kusema kwamba pale palipooteshwa kijani hicho, kiliwahi kulipiwa, na aliyelipa si mtazamaji.

Hata mbuyu, ambao kwa mgeni ni picha, kwa mwenyeji ni kivuli, ubuyu na mpaka wa shamba. Neno "mandhari" huficha jambo hili. Kila mandhari ni shamba la mtu, au malisho yake, au makaburi ya wazee wake. Anayeyatazama hafanyi kosa. Kosa huanza pale anaposahau kwamba mahali hapo palikuwa na watu kabla yeye hajafika.

Katika Afrika Mashariki ni wachache wanaopaswa kulielewa jambo hili kuliko Wazanzibari. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hata kabla, wakazi wake wameishi wakitazamwa. Wanajua ladha ya kupigwa picha bila kuombwa, mtu akiwa kibarazani pake na kahawa yake. Wanajua vile mgeni anavyopita kichochoroni nusu uchi na kujiona huru, na vile anavyokatazana bei ya chungwa na mzee kwa muda mrefu, kisha akaenda kunywa kinywaji cha bei ya machungwa hamsini. Wayajuayo hayo kwa uchungu hawana udhuru wa kuyafanya Mvumi. Na bado, mtu wa pwani akivuka Morogoro, mara nyingi hugeuka mtalii kama watalii wengine, akimtazama mtu wa bara kama sehemu ya safari yake.

Tena huenda na mzaha mkononi. Kwa miaka mingi watu wa mjini Dar es Salaam na hata visiwani wamemtania Mgogo kuwa ni ombaomba, kwa sababu wamewaona watu kutoka Dodoma katika makutano ya barabara wakinyoosha mkono. Historia inaweza kulijibu dhihaka hilo. Kabla Mgogo hajanyoosha mkono wake mjini, msafara wa pwani ulinyoosha kibuyu Ugogo. Tena ulipokoma utaratibu wa hongo, wapitaji hawakukoma. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua kutoka Ugogo nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Hayo hayakuomba ruhusa kwa mtemi yeyote. Mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, watu wakafa kwa maelfu, na wengine wakatawanyika wakitafuta chakula. Hilo ndilo lililotokea wapitaji walipoacha kulipa.

Basi ni nini anachodaiwa msafiri wa leo, ambaye si jeshi wala msafara, ni kijana mmoja na mkoba wake? Kwanza anadaiwa ukweli kuhusu huo upweke wake. Anasema amesafiri peke yake, lakini nyuma yake kuna utingo aliyemwonyesha kituo, mama lishe aliyeamka alfajiri kuwasha moto, na mtoto aliyeacha mbuzi wake ili amwonyeshe njia ya mlimani. Hakuwa peke yake hata saa moja. Waliokuwa pamoja naye hawakuandikwa tu.

Pili anadaiwa bei ya haki, hata pale anapoweza kuipata iliyo chini yake. Mwenye fedha kidogo na apunguze siku za safari, asipunguze ujira wa watu. Afadhali siku tatu zilizolipiwa kuliko saba zilizobebwa na wenyeji.

Tatu, na hili ndilo kiini cha hongo ya zamani, anadaiwa kuomba ruhusa kwa namna ambayo kukataliwa kunawezekana. Kumwuliza mtu "naweza kukupiga picha?" huku kamera imekwisha kuinuliwa si kuomba. Kuingia uani kwa kuwa mlango uko wazi si kualikwa. Salamu ya Kigogo, mbukwa kwa mmoja na mbukwenyi kwa wengi, haimchukui mtu dakika kujifunza. Pamoja na salamu kuna kusimama na kungoja kuitikiwa. Kungoja huko ni malipo, kwa sababu humrudishia mwenyeji nafasi yake ya kusema karibu, au kunyamaza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone", walisema wahenga, wala hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazamwe.

La mwisho anadaiwa masimulizi. Watu wa pwani ni wasimulizi wa safari tangu zamani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu cha safari za Waswahili walizozieleza kwa lugha yao wenyewe. Nguvu ya msimulizi ni kubwa, maana walengwa wake hawakuwapo, na waliokuwapo hawataisikia hadithi ili waisahihishe. Wagogo waliitwa watu wa tamaa kwa kalamu za wale waliokunywa maji yao, na jina hilo likadumu kuliko doti zote zilizotolewa. Kijana atakayerudi kisiwani na habari za Mvumi, akiulizwa na wenzake barazani ilimgharimu kiasi gani, ana jibu la nauli na la chumba. Likibaki hilo tu, bado hajamaliza kulipa. Na aongeze kusema ni nani aliyemchotea maji.