Amana ya Kushika Silaha

Kila linapotoka tangazo la kuandikisha askari, swali la kale hufufuka katika nyumba nyingi za mwambao wetu: je, ni halali, na kama ni halali ni vyema, mtu amchaye Mungu kufanya kazi ya kushika silaha juu ya binadamu wenzake? Baba aghalabu hutazama mshahara usiokatika, matibabu na malipo ya uzeeni. Mama hutazama usiku ule ambao mwanawe ataamrishwa kugonga mlango wa mama mwingine. Wote wawili wana haki, na kwa kuwa wana haki wote wawili, jambo hili halistahili kukatwa kwa ndiyo au la ya haraka, bali lataka kupimwa kwa utulivu katika mizani ya dini, ya sheria ya nchi, na ya dhamiri ya yule ambaye ndiye atakayevaa sare, na ndiye atakayeulizwa siku ya hesabu aliyoyatenda akiwa ameivaa.

Tuanze na lililo wazi. Ulinzi katika asili yake ni jambo tukufu. Hakuna mji uliopata kusitawi pasipo mtu wa kukesha wengine wakilala, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amepokewa akilitaja jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mwenyezi Mungu pamoja na jicho lililolia kwa kumcha Yeye, kuwa yote mawili hayaguswi na moto. Kurani yenyewe imewaruhusu waumini kupigana na wanaowapiga, lakini papo hapo ikawakataza kuvuka mpaka. Na imefundisha kwamba anayeiua nafsi moja pasipo haki ni kama aliyewaua watu wote, na anayeiokoa moja ni kama aliyewaokoa wote. Ruhusa na katazo vimewekwa bega kwa bega, wala hapana mwenye mamlaka ya kuchukua kimoja na kukiacha kingine. Kwa hiyo askari si mtu aliyepewa ruhusa ya kudhuru. Ni mtu aliyekabidhiwa amana ya kuzuia madhara, naye akapewa silaha kwa kadiri ya amana hiyo, si zaidi.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, wameuhesabu ulinzi wa umma miongoni mwa faradhi za kifaya, yaani zile ambazo wakizitekeleza baadhi ya watu wa kutosha, wengine huondokewa na dhima, na zikiachwa na wote, wote huwa na dhambi, kama ilivyo kuosha maiti na kumzika. Katika hukumu hii mna mafunzo mawili ambayo kwa kawaida hatuyaweki pamoja. La kwanza ni kwa wale wasemao kwamba ucha Mungu na kazi ya polisi havikai chungu kimoja, wakawakataza vijana wao wote wenye murua wasijiandikishe. Hao na wajue kwamba kazi haitaachwa wazi, bali itashikwa na wasiokuwa na haya hiyo, kisha wao wenyewe watakuwa wa kwanza kulalamika kwamba vituo vya polisi vimejaa watu wasio na huruma. La pili ni kwamba, maadamu faradhi hii haimwangukii mtu mmoja kwa jina lake, kijana ana hiari ya kuuliza kama yeye ndiye anayefaa, na neno la wazazi wake lina uzito mkubwa. Alipokuja mtu kwa Mtume kuomba ruhusa ya kwenda vitani, aliulizwa kwanza kama wazazi wake wangali hai, na alipojibu kwamba wangali hai, aliambiwa jihadi yake iwe katika kuwatumikia wao. Mama anayesita, basi, asidhihakiwe kuwa ni mwoga. Asikilizwe, atulizwe, na ikibidi atiiwe.

Ndugu zetu Wakristo nao wamelipita bonde hili kabla yetu. Mwaka 295, huko Tebessa katika nchi ambayo leo ni Algeria, kijana mmoja aitwaye Maximilian alikataa kuandikishwa katika jeshi la Kirumi kwa sababu ya imani yake, akauawa, na kanisa linamheshimu hata leo. Lakini wakati ule ule walikuwako Wakristo wengine ndani ya jeshi lile lile. Hata hivyo, mafundisho yanayonigusa zaidi ni ya Yahya mwana wa Zakaria, anayejulikana kwao kwa jina la Yohana Mbatizaji. Injili ya Luka yasimulia kwamba askari walimwendea wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia wasimtoze mtu kitu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao.

Tazama jinsi majibu haya yalivyo karibu na maisha yetu. Hakutaja uwanja wa vita hata kidogo. Alitaja njia kuu, kituo na mfuko. Yeyote aliyepata kupanda matatu kutoka Likoni kwenda Ukunda amemwona utingo akiteremka mbio penye kizuizi, noti imekunjwa ikawa ndogo kiasi cha kufichika kati ya vidole viwili, mikono ikaamkiana, na gari likaenda zake bila ya kukaguliwa, ingawa gurudumu limekwisha na abiria wamezidi. Na yeyote aliyepata kukaa na mzazi ambaye mwanawe amebambikiwa kesi ya bangi ambayo hakuijua anaelewa kwa nini kusingizia kulitajwa kwa jina lake. Udhalimu wa mwenye silaha hauanzi kwa risasi. Huanza kwa shilingi hamsini, ukakua taratibu mpaka mtu akazoea kwamba sare ni mtaji na raia ni mteja wake.

Kwa sababu hiyo mtihani wa kwanza humfikia kijana hata kabla hajavaa kitu, pale uwanjani, siku ya kuandikishwa. Wamepangwa tangu alfajiri, vifua wazi na miguu mitupu, bahasha ya kaki yenye vyeti ikiwa kwapani. Hupimwa urefu ukutani, hutazamwa nyayo, hufunguliwa vinywa meno yahesabiwe, kisha hukimbizwa mpaka wanyonge wabaki nyuma. Vyote hivyo hupimika. Kisichopimika ni kile kinachonong'onwa nyuma ya uzio, kwamba nafasi ina bei yake. Mwaka 2014 nchini Kenya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi ilikwenda mahakamani kupinga uandikishaji wa makurutu 10,000 wa polisi kwa ajili ya rushwa na kasoro nyingine, na Mahakama Kuu ikaubatilisha uandikishaji huo wote. Wako waliohuzunika, na miongoni mwao bila shaka walikuwamo waliopita kwa haki. Lakini fikiri ni mlinzi wa namna gani anayepatikana kwa njia ile. Familia huuza shamba au ng'ombe, kijana huingia chuoni akiwa na deni, na siku ya kwanza ya kazi yake humkuta tayari anatafuta mahali pa kulipatia fidia. Dini imemlaani mtoa rushwa sawa na mpokeaji, na hapa sababu yake yaonekana kwa macho.

Mtihani wa pili ni wa utii, nao ndio mzito kuliko yote. Sisi Waswahili tumelelewa kwa mithali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni mithali njema, kwa kuwa jeshi lisilotii ni hatari kuliko adui. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwashika maofisa wao Waingereza kwa madai ya mishahara na vyeo, na nchi changa ikatikisika hata serikali ya Mwalimu Nyerere ikalazimika kuwaomba msaada Waingereza wale wale ambao bendera yao ilikuwa imeteremshwa miaka miwili tu nyuma. Jeshi lile lilivunjwa, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hakuna mwenye akili atakayeusifu uasi.

Lakini utii nao una kikomo, na kikomo hicho kimewekwa zamani. Imepokewa kwamba amiri mmoja wa kikosi kilichotumwa na Mtume aliwakasirikia watu wake, akawakumbusha kwamba wameamrishwa kumtii, akawaagiza wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Wengine walitaka kuingia. Wengine wakawashika, wakasema wao walimkimbilia Mtume kwa sababu ya kuuogopa moto. Wakabaki hivyo mpaka moto ukazimika na hasira ya amiri ikapoa. Habari ilipofika Madina, Mtume alisema kwamba lau wangeingia wasingetoka tena, na kwamba utii ni katika jambo jema tu. Karne nyingi baadaye, kati ya 1945 na 1946, mahakama ya Nuremberg ilikataa kuwaachilia wakuu wa Ujerumani kwa hoja ya kuamrishwa. Na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya mwaka 2011 nayo yaeleza kwamba kufuata amri ya mkubwa si udhuru kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Dini na serikali, kila moja kwa njia yake, zimekutana hapa: amri haimfuti mtu. Wala kukataa huku si uasi, kwa maana mwasi hunyanyua bunduki yake ili apate, na mwenye dhamiri huiweka chini hali akijua kwamba atakosa.

Nilipata kuulizwa jambo hili na kijana niliyemsomesha, aliyekuja kwangu baada ya Magharibi pamoja na mama yake. Nilimuuliza atafanyaje akiamrishwa kuwapiga risasi watu wanaokimbia. Akajibu bila ya kusita, "Nitatii, Maalim. Amri ni amri." Nikamwambia kwamba kwa jibu hilo bado hajawa tayari. Alinyamaza, kisha akauliza swali lililo bora kuliko langu: "Na anayekataa akafukuzwa, Maalim, wanawe watakula nini?"

Swali hilo halijibiwi kwa waadhi mtupu. Ni kweli kwamba riziki iko mikononi mwa Mungu, na imani hiyo ndiyo nguzo ya kila aliyewahi kusema hapana mbele ya mwenye nguvu. Lakini Mungu huyo huyo ametuamuru tujitafutie sababu. Ushauri niliompa, na ambao ningependa kila mzazi aupe uzito, ni kwamba anayekusudia kuvaa sare na awe kwanza na kazi nyingine mkononi, iwe ni useremala, umeme, udereva au uvuvi, ili siku atakapotakiwa kutenda dhuluma asijione kwamba hana pa kwenda. Mtu ambaye chakula chake chote kiko mikononi mwa mkubwa wake, dhamiri yake nayo imewekwa rehani huko huko. Wengi waliotenda mabaya kwa amri hawakuwa makatili wa tabia; walikuwa watu wa kawaida wenye ada za shule za kulipa, ambao hawakuwa wameamua mapema ni lipi hawatalitenda, na katika dakika ile ya ghafla hakuna mtu apataye nafasi ya kuamua upya.

Basi kijana na ajihoji katika mambo matatu kabla hajapeleka bahasha yake: anaingia kwa niya gani, anaingia kwa mlango upi, na ni amri gani ambayo hataitii hata ikimgharimu kazi. Ashauriane na waliotangulia katika kazi hiyo, asikilize hofu za wazazi wake, na asali istikhara, akijua kwamba sala hiyo haimwondolei mtu wajibu wa kufikiri. Akiwa na majibu ya kweli, na aende kwa radhi za wazazi, na kukesha kwake katika zamu kutakuwa ibada. Akiwa hana, hapana aibu kuchagua kazi nyingine, wala asiitwe mwoga kwa kuyajua mapungufu ya nafsi yake kabla ya kupewa bunduki.

Lakini dhima hii si ya kijana peke yake. Sisi tunaobaki nyumbani ndio tunaompigia simu kila mwisho wa mwezi, huyu akitaka bati za kuezekea, yule ada, mwingine nauli ya harusi, pasipo kukumbuka kwamba mshahara wa konstebo unajulikana ni kiasi gani. Yahya aliwataka askari waridhike na mshahara wao. Ni vigumu mno kwa askari kuridhika nao ikiwa jamaa zake hawakuridhika. Ajapo nyumbani na vitu vilivyozidi kipato chake, mzazi na amuulize vimetoka wapi, kama alivyomuuliza alipokuwa mtoto na kuja na kichezeo kisicho chake. Na akirudi siku moja amefukuzwa kwa kukataa kudhulumu, apokewe kwa heshima ile ile ambayo angepokewa nayo kwa kupandishwa cheo. Jamii inayofanya hivyo ina haki ya kudai polisi waadilifu na jeshi lenye insafu. Isiyofanya hivyo yawatuma wanawe mahali pa hatari ya roho, kisha yawalaumu kwa kuangamia.