Permi Ni ya Nani?

Kila kundi la watu wanaofika Nkamira huwa na mashofere ndani yake. Utawajua haraka tu. Kamio ikipita kwenye barabara kubwa ya Gisenyi na Musanze, wao husikia gia kabla ya kugeuka kutazama, na mmoja atasema polepole, "Huyu amechelewa kushusha." Ni watu waliobeba maharagwe na viazi kutoka Masisi, waliosafirisha abiria kati ya Goma na Rutshuru, waliovuka matope ambayo hata ng'ombe waliyakataa. Leo wamekaa. Ukizungumza nao habari ya kazi hapa Rwanda, neno linalorudi ni moja: "Mi naendesha tangu 1998. Leo njo baniulize kama najua kuendesha?"

Wafanyakazi wa mashirika huwa na jibu fupi: "Sheria ndiyo hiyo, papa." Jibu ni la kweli, lakini halishibishi. Mtu mzima anayeulizwa upya juu ya kitu anachokijua kuliko vyote maishani mwake anastahili kupewa sababu. Hapa nataka kuitafuta sababu hiyo, halafu kuonyesha inapoishia. Maana ina mwisho, na wengi hawauoni.

Kwa asiyejua mambo yalivyo, nieleze kidogo. Rwanda mitihani ya permi husimamiwa na Polisi ya Taifa, na mtu hujiandikisha kupitia Irembo. Kwanza kuna mtihani wa sheria za barabarani: maswali 20, na anayepata 12 amefaulu, anapewa permi ya muda. Baadaye anakwenda kuonyesha kwa vitendo, kwa daraja analotaka. A ni pikipiki, B ni gari dogo, na zinaendelea hivyo mpaka kwenye magari makubwa. Na kama ilivyo katika nchi nyingi duniani, anayetaka permi ya kwao ipokelewe bila mtihani hutakiwa kwanza kuonyesha kwamba permi hiyo ni ya kweli.

Sasa turudi kwa shofere wetu wa 1998. Anachokijua kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iko mwilini: mguu unaojua klachi, sikio linalojua mashine, jicho linalopima kona kabla ya kufika. Hiyo haibadiliki mtu akivuka mpaka. Mlima ni mlima, na jiwe la Nyiragongo linapasua tairi pande zote mbili. Sehemu ya pili ni mapatano. Nani apite kwanza kwenye mzunguko, mwendo uwe kiasi gani karibu na shule, alama hii inasema nini. Hayo hayako mwilini mwa mtu hata mmoja. Yako kati ya watu.

Mfano ulio wazi kabisa ni upande wa barabara. Kongo na Rwanda tunapita kulia. Uganda na Tanzania wanapita kushoto. Shofere anayepeleka mzigo Kampala kupitia Cyanika hubadilisha upande akishavuka, na hakuna anayemwambia kwamba tangu asubuhi alikuwa anakosea. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ya Uswidi ilihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa usiku mmoja. Nigeria ilifanya hivyo mwaka 1972, na Ghana mwaka 1974. Asubuhi ya siku zile, shofere wa miaka 30 na kijana wa juzi walikuwa sawa: wote walikuwa wanajifunza. Ujuzi wa mikono ulibaki pale pale. Kilichobadilika ni mapatano, na mapatano hayajali umri wa mtu.

Kwa hiyo nchi inapomwambia mgeni, "Soma sheria zetu, tukuulize," haijamwambia kwamba hajui kuendesha. Imemwambia kwamba hapa kuna mapatano ambayo yeye hakuwepo yalipofanyika. Ni kama kuingia nyumba ya watu: unaweza kuwa na miaka 50, lakini utauliza viatu vinavuliwa wapi.

Kuna jambo zito zaidi. Permi ina picha yako na jina lako, na inakaa mfukoni mwako, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni yako. Lakini wewe huhitaji karatasi ili ujue kwamba unajua. Anayeihitaji ni mama anayevuka barabara pale sokoni Nkamira na beseni la viazi kichwani. Ni watoto wanaotembea pembeni ya lami wakienda shule, mkono kwa mkono, huku kamio ikishuka. Mama yule hakufahamu. Hana nafasi ya kusimamisha gari lako akuulize ulijifunzia wapi na breki zako zikoje. Permi inamaanisha kwamba kuna mtu aliyeuliza kwa niaba yake. Tangu mwaka 2019 Polisi ya Rwanda ina kampeni inayoitwa Gerayo Amahoro, yaani fika salama. Shofere mmoja hafiki salama peke yake.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema, "Mimi najua kazi, nitaendesha hivi hivi, polisi akinikuta ni bahati mbaya." Inawezekana kweli anajua kazi kuliko hata atakayemsimamisha. Kosa lake ni lingine: amejipima peke yake, akajipa maksi, halafu akaamua kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma. Na siku ajali ikitokea, hata kama kosa si lake, bima inaweza kukataa kulipa, na mama wa beseni ndiye atakayebaki na mguu uliovunjika na deni la hospitali. Ujuzi wa shofere hautamsaidia siku hiyo.

Tena tuseme ukweli kati yetu. Nyumbani sote tumesikia habari za permi za kununua. Yuko mtu aliyepata karatasi bila kugusa volani hata mara moja, na yuko aliyeendesha miaka 20 bila karatasi yoyote. Karatasi ya mwongo na karatasi ya fundi zinafanana. Anayezipokea hapa Rwanda ataona vipande viwili vilivyo sawa, na hana macho ya kuona mikono nyuma yake. Tusimchukie kwa kutoamini kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa hatukiamini.

Mpaka hapa nimesimama upande wa sheria. Sasa nafika pale ambapo sababu yake inaishia.

Kuna masharti ya namna mbili. La kwanza mtu anaweza kulitimiza akijitahidi: kusoma kitabu cha sheria, kutafuta ada, kufanya mtihani, kushindwa, kurudia. La pili hawezi kulitimiza hata ajitahidi vipi: kuleta barua kutoka ofisi ya kule alikokimbia, inayosema kwamba permi yake ni ya kweli. La kwanza ni mlango, hata kama ni mzito. La pili ni ukuta uliochorwa mlango.

Fikirieni shofere aliyetoka Masisi usiku. Ofisi iliyotoa permi yake huenda imeungua, au faili zimepotea. Goma yenyewe ilibadilisha wenye mamlaka Januari 2025. Barua ya mkubwa gani itaaminiwa, na nani? Akiamua kupitia ubalozi, kuna shida nyingine. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu chake cha kwanza, unasema kwamba mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kuacha kuhesabiwa mkimbizi. Basi huyu anaambiwa: ili ufanye kazi kama mkimbizi, nenda kaombe kwa yule uliyemkimbia. Yote iko kule, kama wanavyosema watu wetu, na kule ndiko hatuwezi kwenda.

Walioandika mkataba ule waliliona jambo hili mapema. Kifungu cha 6 kinasema kwamba mkimbizi akitakiwa kutimiza masharti kama watu wengine, yanaondolewa yale ambayo kwa asili ya hali yake hawezi kuyatimiza. Kifungu cha 25 kinaendelea: pale ambapo mgeni wa kawaida angesaidiwa na serikali ya kwao, mkimbizi asaidiwe na serikali ya nchi alipo, apewe hati badala ya zile za nyumbani, na hati hizo ziaminiwe mpaka ithibitike vinginevyo. Rwanda iliingia katika mkataba huu mwaka 1980, na ina sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2024. Sisemi vifungu hivi vinampa mtu permi bure. Hakuna hati inayoweza kushuhudia mguu wa mtu kwenye breki. Nasema vinatufundisha kutofautisha mlango na ukuta.

Na hapo ndipo naona tofauti na wenzangu wengi. Wao huuona mtihani kama tusi. Mimi nauona kama rafiki pekee tuliyebakiwa naye. Kila shahidi mwingine wa maisha yetu yuko ng'ambo: cheti cha shule, bosi wa zamani, faili la ofisi, jirani aliyetuona tukijifunza. Mtihani ni shahidi asiyehitaji kuvuka mpaka. Weka mtu kwenye volani, mwambie apande kilima, asimame katikati, aondoke tena bila gari kurudi nyuma. Dakika kumi, na utajua habari za 1998 zote. Ofisi inayosema "lete barua" imemkataa shahidi bora ikamtaka shahidi dhaifu, kwa sababu barua yaweza kununuliwa, lakini kilima hakinunuliki.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huutumia msemo huu kumfukuzia mgeni mvivu, lakini tazameni vizuri kinachofanyika ndani yake. Mwenyeji anatoa jembe. Hamwambii mgeni, "Kwanza leta barua kutoka kwenu kwamba umewahi kulima." Anampeleka shambani, anamtazama akipiga jembe la kwanza na la pili, basi. Anajua mstari wa shamba lake uko wapi na anamwonyesha mgeni aufuate. Kumpima mgeni na kumpa kazi ni tendo moja.

Lakini mtihani nao uwe mtihani wa barabara kweli. Wengi wetu tunaongea Kinyarwanda nyumbani tangu utoto, ila kuongea ni kitu kimoja na kusoma swali lenye mtego ni kingine. Shuleni tulifundishwa kwa Kiswahili kisha Kifaransa. Mtu anayekosa swali kwa sababu ya neno hajakosa barabara. Ujerumani, ambako permi ya kutoka nchi nyingi hufanya kazi miezi 6 tu baada ya mtu kuhamia na kisha inabidi afanye mitihani upya, waliongeza Kiarabu kwenye lugha za mtihani wa nadharia mwaka 2016, baada ya wakimbizi wengi kufika. Sheria za barabarani hazikulegezwa hata moja. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kwa hiyo mlango wa kuuliza jambo hili upo, na aulizaye haombi hisani.

Kuna pia heshima. Muzee wa miaka 50 atakaa kwenye benchi moja na vijana wa miaka 18, na huenda wakafaulu kabla yake. Hilo lina uchungu, na hakuna kifungu cha sheria kinachouondoa. Lakini uchungu huo unapungua sana anapoitwa muzee, anapoelezwa kwa nini anaulizwa, na anaporuhusiwa kusema alikotoka. Kuulizwa si kudharauliwa. Kuulizwa kwa dharau ndiko kudharauliwa.

Nimezungumza habari za mashofere, lakini muuguzi yumo humu, na mwalimu, na fundi wa kuchomea vyuma. Wote wana mikono iliyovuka mpaka na karatasi zilizobaki. Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Kwenu mnaofanya kazi na mashirika: mkijaza fomu, msiandike "hana vyeti" mkafunga ukurasa. Andikeni anachojua kufanya, kisha mtafute ni wapi anaweza kupimwa, na mumsaidie ada ya mtihani kabla ya kumsaidia mambo mengine mengi. Kwetu tuliokaa: kitabu cha sheria za barabarani kinaweza kusomwa na watu kumi kwa zamu, jioni, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakijibu. Anayejua Kinyarwanda cha kuandika amfasirie asiyejua.

Yule wa 1998 ana haki ya kukasirika akiombwa barua. Akiombwa aonyeshe, aingie kwenye gari, afunge mkanda, aonyeshe. Mama wa sokoni Nkamira anangoja kuvuka.