Sumu ya Nyuki na Mkate wa Tini



Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, Mungu alimwongezea miaka 15. Ahadi ilikwisha kutoka, na bado nabii Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Isaya hakuona kwamba dawa inaipunguzia ahadi nguvu.

Sura hiyo imenijia kwa sababu ya habari inayozunguka kwenye simu zenu, washarika, hapa Mbagala, kwamba sumu ya nyuki huponya saratani. Ina ukweli ndani yake. Mwaka 2020 mtafiti Ciara Duffy na wenzake wa Perth, Australia, walitangaza kwamba sumu ya nyuki wa asali iliua seli za saratani ya matiti, zikiwemo za aina ile sugu isiyosikia dawa za homoni. Kinachofanya kazi ni melitini, ambayo ni karibu nusu ya sumu hiyo ikikaushwa. Hujipenyeza kwenye utando wa seli na kuutoboa. Katika dakika 60 utando umekwisha kuharibika. Namtukuza Mungu aliyeweka kitu cha namna hiyo kwenye mwiba wa mdudu.

Lakini hayo yalifanyika maabara, na kwa panya. Melitini hiyo hiyo hupasua seli nyekundu za damu, na mtu mwenye mzio anaweza kufa kwa kuumwa na nyuki mmoja tu. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya dawa ya nyuki akisema inaponya saratani, hata kama ameiombea, anakula fedha yako na, kibaya zaidi, muda wako. Wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mtumishi anayemwambia mgonjwa asiende hospitali, asubiri muujiza, anatenda dhambi. Sina jina jingine la kuliita jambo hilo.

Mama zangu, dada zangu, ukigusa uvimbe kwenye titi usiusubirie mfungo wala mkesha. Omba ukiwa njiani kwenda kituo cha afya. Ukifika, ulizia pia uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ule wa kupaka siki. Hauchukui muda, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Nanyi akina baba, toeni nauli, mwende nao.