Mchangishaji wa Kulipwa na Amana ya Mtoaji



Katika darasa letu limetokea jambo ambalo tumeona si haki kulifunika. Sahifa hii imezoea kuwaonyesha watu makosa yao, basi itakuwa ni fedheha kunyamaza siku kosa linapokuwa letu wenyewe.

Mwaka jana tulitaka kuwajengea watoto wa chuo birika la maji. Fedha za darasa hazikutosha. Ndugu mmoja akatoa shauri tumtafute kijana hodari wa maneno, tumpe sanduku na daftari la risiti lenye mhuri, akasimame penye njia ya watu waendao feri ya Likoni. Na katika kila shilingi tatu azipatazo, moja iwe yake. Tukalikubali shauri. Leseni tulikuwa nayo, kwani Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, yaitaka. Kijana alikuwa hana kazi na ana mama yake wa kumlisha. Kwa mwezi mmoja akaleta fedha nyingi kuliko tulizokusanya sisi kwa mwaka mzima. Tukamshukuru Mwenyezi Mungu, na kijana tukamsifu.

Ijumaa moja mwenzetu alipita hapo, akamkuta mama mmoja mtu mzima, muuza mahamri, afungua pindo la leso na kutoa shilingi 60. Kabla hajazitia sandukuni akauliza, "Mwanangu, hizi zafika zote?" Kijana akajibu, "Zafika zote, mama." Yule mama akazitia, akaomba dua, akenda zake. Mwenzetu akarudi darasani na suala moja: zile shilingi 20 zisizofika, mama yule alimpa nani?

Suala hili lilitushughulisha siku nyingi. Wako waliosema kuwa kijana amesema uwongo, basi na afukuzwe. Wako waliosema kuwa hakuna kosa, maana mtenda kazi hula katika kazi yake. Na wako waliosema kuwa kuchangisha kwa ujira ni haramu tangu asili, kwani mambo ya Mungu hayafanywi kwa fedha. Sisi twaona kuwa kila moja ya kauli hizi ina chembe ya haki, na hapana hata moja iliyo haki tupu.

Tuanze na ujira wenyewe. Mwenye kudai kuwa mkusanya sadaka hana haki ya kulipwa, na aitazame Sura ya Tawba, aya ya 60. Katika mafungu manane ya wanaostahili zaka wametajwa pia wenye kuitumikia. Na imepokewa kwamba Seyyidna Omar, katika ukhalifa wake, alimpa ujira mtu mmoja aliyemtuma kukusanya sadaka. Mtu yule akataka kuukataa, akasema kuwa alifanya kwa ajili ya Mungu. Omar akamweleza kuwa yeye naye alifanya kazi hiyo zama za Mtume (s.a.w.), akasema maneno kama hayo, na Mtume akamwamrisha apokee kile kinachomjia pasina kukiomba wala kukitamani. Basi ujira si haramu. Na twaongeza kwamba mwenye kumtaka maskini afanye kazi bure kwa jina la dini, hali yeye mwenyewe amekaa dukani kwake akihesabu faida, ameipakia dini mzigo ambao yeye haubebi.

Lakini tuangalie ujira ule ulitoka kwa nani, nao ulikuwa wa namna gani. Ni Omar mwenyewe, aliyemtuma, ndiye aliyempa mtumishi wake ujira. Na kiko kisa kingine mashuhuri, cha Ibn al-Lutbiyya. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya sadaka, naye aliporudi akazigawa mali alizokuja nazo sehemu mbili, akasema hizi ni zenu, na hizi nimepewa mimi. Mtume akapanda juu ya mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kama mtu huyo angaliketi nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi hizo zingalimfikia? Mafundisho yake ni wazi. Kile ambacho mkono wa mtoaji humpa mkusanyaji, hampi kwa uso wake, humpa kwa sababu ya kazi aliyotumwa. Basi hana ruhusa ya kujitengea humo kitu ambacho mwenye kutoa hakujua.

Hapa ndipo penye kosa letu. Mama yule hakumpa kijana kitu. Alitoa shilingi 60 za maji ya watoto. Sisi tulipatana na kijana juu ya mali ambayo ilikuwa haijaingia mikononi mwetu, na mwenye mali hakuwapo katika mapatano. Tena twasema kwamba uwongo wa kijana mzizi wake ni sisi. Tulimpa risiti iliyoandikwa «Mchango wa Birika» na hatukuandika neno jingine. Tulimweka mahali ambapo akisema kweli atakosa chakula, na akisema uwongo atashiba. Kisha tukataka tumfukuze kwa kuchagua kushiba. Huo ungalikuwa udhalimu juu ya khiyana.

Huenda mtu akasema, «Lau mtawaambia watu kuwa theluthi ni ya mchangishaji, hawatatoa, na watoto watakosa maji. Je, si bora theluthi mbili zifike kuliko kisifike kitu?» Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nasi wenyewe ilitushika kwa muda. Lakini itazameni vizuri. Yakiri kwamba mtoaji akijua hataridhika. Na ikiwa twajua kuwa hataridhika, basi kile tunachokichukua twakichukua bila ya ridhaa yake, na mali ya Muislamu haihalaliki ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Muuza maziwa naye aweza kusema kuwa akieleza ametia maji kiasi gani hatapata wanunuzi, na watoto wake watalala njaa. Hapana mtu katika mji huu atakayemkubalia udhuru huo. Vipi tumkatalie muuza maziwa, na tuikubalie sanduku ya dini?

Na kuna khasara nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Siku watu watakapojua, na hapana siri ya soko isiyojulikana, hawatamnyima mchangishaji wetu peke yake. Watamnyima na yatima wa kweli, na mgonjwa aliyeshikwa mkono na mwanawe mlangoni mwa msikiti. Mwenye kuitumia imani ya watu vibaya ameiba katika hazina ambayo si yake wala si ya chama chake. Ni hazina ya maskini wote wa mji.

Ama kulipa kwa fungu, yaani kadiri apatavyo ndivyo alipwavyo, kuna aibu mbili. Ya kwanza ni ya fikihi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ijara yataka ujira ujulikane; na maulamaa wamelikataa jambo la kumwajiri mchinjaji kwa ngozi ya mnyama atakayemchuna, au msagaji kwa sehemu ya unga atakaousaga. Fungu la sanduku lisilojulikana litapata nini lafanana sana na hayo. Ya pili ni ya tabia. Mwenye kulipwa kwa fungu hufunzwa na tumbo lake kwamba mtoto aliyekonda zaidi ana faida zaidi. Leo atasema watoto wana kiu, kesho atasema wamekufa. Taabu ya watu huwa ndiyo bidhaa yake, na bidhaa kila mtu huipamba.

Kisha atajifunza na kutumia haya. Atamshika mtu mkono mbele ya wenziwe, au atamziba njia mbele ya mchumba wake, au atataja jina lake katika kipaza sauti. Mtu hutoa ili aachwe. Imamu Ghazali na maulamaa wengine wa Kishafi wametuonya kwamba kilichochukuliwa kwa kumtahayarisha mtu, moyo wake haukuridhia, ni kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Wangapi katika sisi tumekwisha kutoa namna hiyo, tukarudi nyumbani tumekasirika, na tukajiona tumetoa sadaka?

Wala msidhani kuwa balaa hili ni la Waislamu au la Waafrika tu. Uingereza kuna makampuni ambayo kazi yao ni kuwaajiri vijana wasimame barabarani, wawatake wapita njia waahidi kutoa kila mwezi kwa mashirika ya sadaka. Na malipo ya kampuni huweza kumeza michango ya miezi mingi ya mwanzo. Watu waliona udhia, na sheria yao ya mwaka 1992 ikamlazimu mchangishaji wa kulipwa amweleze mtoaji kwamba yeye analipwa, na malipo yake huhesabiwaje. Hata hivyo malalamiko juu ya michango hayakwisha, mpaka baada ya kelele kubwa za mwaka 2015 kikaundwa, mwaka 2016, chombo kipya cha kuisimamia michango. Ikiwa sheria iliyotungwa na wanadamu yamtaka mtu aseme kweli juu ya ujira wake, sisi tulio na Qurani inayotuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe tuna udhuru gani?

Tulifanya nini basi? Kwanza, theluthi yote aliyokwisha kuichukua kijana tuliirudisha katika fedha za birika kutoka mifukoni mwetu, maana sisi ndio tuliopatana naye, na watoaji wengi hatuwajui hata tuwatake radhi. Pili, hatukumfukuza. Tulimwekea ujira wa siku, unaojulikana, apate kingi apate kichache, na ujira huo hutoka katika ada za wana darasa. Tatu, juu ya sanduku na juu ya risiti tumeandika kwamba mchangishaji analipwa na darasa, na kwamba kinachotiwa humo chote ni cha birika. Nne, tumemkataza kumfuata mtu aliyekwisha kumpa kisogo. Tano, hesabu hubandikwa kila mwezi ukutani mwa chuo, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma.

Sanduku sasa halileti kama zamani. Twalisema hili ili asije mtu akadhani kuwa ukweli una faida ya papo hapo. Birika bado halijaezekwa. Na baadhi ya wana darasa wamenung'unika kwa kuzidishiwa ada, kwani ilikuwa rahisi zaidi kumlipa kijana kwa fedha za wapita njia.

Wawili katika sisi walikwenda kwa yule mama wa mahamri, wakamweleza yote wakamtaka radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nalitoa za maji. Mwanangu yule angalikuwa na njaa, mngaliniambia, nami ningalimpa zake mbali." Akageukia karai lake. Hakusema kuwa amesamehe, wala hakusema kuwa hakusamehe. Nasi hatukuona uso wa kumuuliza mara ya pili.

Ndugu zetu, maneno ya mama huyu yametutosha kuliko vitabu tulivyovifungua. Mtu ana haki ya kujua sadaka yake yampa nani, kwani nia ni yake na mali ni yake. Imepokewa kuwa mtunza hazina mwaminifu, afikishaye kwa ukamilifu na kwa moyo mwema kile alichoamrishwa kukifikisha, naye huhesabiwa miongoni mwa wenye kutoa sadaka. Cheo hicho kilikuwa chetu na cha kijana wetu pasina kutoa hata senti, nasi tuliwauzia watu kwa theluthi moja.

Basi kila chama, kila msikiti na kila chuo chenye sanduku barabarani, na kijiulize lile suala la mama: zafika zote? Na kikiwa hakiwezi kulijibu mbele ya mtoaji kwa sauti ya kusikika, na kiliondoe sanduku lake mpaka kiweze.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya, na atuwafikishe katika kuzichunga amana. Amin.