Je, Mama Aliyegawa ni Mwizi?

Naomba tuanze na kipimo. Kuna utepe mwembamba unaozungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Una rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, mkono wake ukisoma chini ya milimita 115, yuko kwenye nyekundu. Ana utapiamlo mkali, anaandikwa daftarini, anapewa chakula dawa. Kati ya 115 na 125 ni njano. Zaidi ya hapo ni kijani, na mama anaambiwa nenda nyumbani, mtoto hajambo.

Mpaka huo wa 115 ulitangazwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2009. Kabla yake ulikuwa 110. Maana yake nini? Maana yake mtoto wa milimita 112 kwa kanuni ya mwaka 2008 hakuingia kwenye nyekundu, na kwa kanuni ya mwaka uliofuata mtoto mwingine mwenye mkono uleule aliingia. Sisemi hivi kwa kuukejeli utepe. Wataalamu waliusogeza mpaka kwa sababu waliona watoto wengi wanakufa wakiwa juu kidogo ya ule wa zamani, na walifanya vyema. Nasema tu kwamba mstari huo umechorwa na watu, na watu huchora mistari wakijua wana mifuko mingapi ghalani.

Sasa swali langu. Mama amepewa chakula cha mtoto wake mgonjwa. Amefika nyumbani, akawakuta watoto wengine watatu hawajala. Akagawa. Je, ametenda dhambi?

Silitungi swali hili kichwani. Mimi ni kijana wa Mang'ola, nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kuna wakati niliitwa kusaidia kuandika majina siku za kupima watoto. Zahanati siitaji. Mama nitakayemsimulia simtaji, wala sitaji kabila lake, maana nikilitaja utasema "aa, hao ndiyo desturi yao", halafu utafunga ukurasa.

Alikuja siku si yake. Nesi akamwuliza, "Mama, pakiti za wiki nzima zimekwisha kwa siku tatu? Umempa nani?"

"Nimempa yeye na wenzake."

"Wenzake si wagonjwa."

"Wenzake wana njaa, nesi."

Nesi akamweleza kwa upole kabisa kwamba ile ni dawa. "Nikikupa dawa ya malaria ya huyu, utawagawia wote?"

Mama akafikiri kidogo. "Ya malaria ni chungu. Hakuna mtoto anayeililia."

Bwana mmoja aliyekuwa kwenye foleni akadakia: huyo ni mwizi, tena mwizi wa mwanawe mwenyewe. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo neno lile halijanitoka.

Nitaanza kwa kumtetea nesi, maana vijana tunaoandika tuna tabia ya kukimbilia upande wa mwenye machozi. Ile pakiti ina gramu 92 na kalori 500. Ndani yake mna karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Iliundwa na Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, mwaka 1996. Kabla ya hapo mtoto aliyekonda vibaya alilazwa kwenye kituo wiki kadhaa akinyweshwa maziwa maalumu, na mama yake akalala naye pale huku nyumbani hakuna mtu. Pakiti ilimrudisha mama nyumbani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ilimrudisha na hesabu: mtoto wa kilo saba anahitaji karibu pakiti tatu kwa siku, kila siku, kwa wiki nyingi. Ukizigawa kwa wanne, yule mgonjwa haponi, na wale watatu hawashibi. Na mwili uliokauka kwa njaa hauna mzaha. Wanajeshi wa Uingereza walipoingia kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945 waliwapa wafungwa chakula chao cha kijeshi kwa huruma tupu, na wapo waliokufa kwa chakula hicho, kwa kuwa matumbo yao hayakuweza tena kukipokea. Kwa hiyo nesi anaposema "fuata kipimo", tusimwone mtu wa makaratasi asiye na moyo. Huruma isiyopima imeshaua watu.

Basi mama ana kosa? Polepole.

Yule mama naye anapiga hesabu, ila yake ni ndefu kuliko ya daftari. Daftari linamjua mtoto mmoja, wiki moja, mkono mmoja. Mama anawajua wanne, na anajua aliye kwenye njano leo atakuwa kwenye nyekundu mwezi ujao kama haponi kitu cha kutia kinywani. Tena, ili afuate maelekezo sawasawa, inabidi amlishe mmoja wenzake wakitazama, au ajifiche naye nyuma ya nyumba. Sisi sote tumelelewa tukiambiwa mtu anayekula peke yake kwa kujificha ni mtu wa namna gani. Sasa tunamtuma mama akawe mtu huyo mbele ya watoto wake, mara tatu kwa siku.

Hapa wageni wanaofika Ziwa Eyasi hupenda kuwatolea mfano majirani zetu Wahadzabe: eti hao hugawana kila kitu. Ni kweli kwamba mwindaji akiangusha mnyama mkubwa, nyama si yake kuinyima kambi. James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba kule kugawana si zawadi wala mkopo, mtu anadai fungu lake na anapewa. Lakini wageni husahau kusimulia nyama ya epeme, zile sehemu maalumu za mnyama ambazo ni za wanaume waliokwisha kuingizwa kwenye mila, na wanawake na watoto hawazigusi. Kumbe hata pale panaposemwa hapana mstari, upo. Sikubali basi hoja kwamba Mwafrika hugawa na Mzungu hupima. Kila jamii inagawa na kila jamii inapima. Tofauti ni nani kashika kipimo, na kama wewe unayepimwa uliulizwa.

Wahadzabe wenyewe hawakuulizwa. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya Yaeda Chini wakakae kijijini na kulima kama wengine. Chakula kilitolewa. Magonjwa yakaingia, baadhi wakafa, na wengi wakarudi porini kwenye mizizi, asali na ubuyu wao. Aliyepanga alikuwa na nia njema, sina shaka.

Hata hivyo Mang'ola si mahali pa kulitazama swali hili likiwa uchi. Hapa kuna chemchemi na mifereji, kuna vitunguu, kuna kibarua cha kung'oa na kufunga magunia, kuna jirani wa kumkopa. Mama akikosa zahanati atajaribu kwingine. Kulitazama sawasawa lazima twende mahali ambapo kila punje inatoka mkono mmoja, yaani kambini.

Mjomba wangu aliendesha lori la mahindi kwenda Ngara mwaka 1994. Mimi sijazaliwa. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikawa mji kuliko miji yetu mingi. Mjomba anasema kilichomshangaza hakikuwa wingi wa watu. Kilichomshangaza ni kwamba watu walikuja na vyeo vyao. Waliokuwa viongozi wa wilaya na mitaa kule ndio waliosimama mbele kupokea magunia, ndio wenye orodha za majina, na orodha zilikuwa na majina mengi kuliko vichwa. Miongoni mwao walikuwemo walioongoza mauaji.

Julai ya mwaka huohuo ikawa zamu ya Goma, upande wa Zaire ya wakati ule. Huko ndiko takwimu zilikoandikwa vizuri. Katika mwezi wa kwanza walikufa wakimbizi wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara. Watoto waliopimwa, kati ya asilimia 18 na 23 walikuwa na utapiamlo. Na sikia hili: waliokuwa hatarini zaidi ni watoto wa kaya zinazoongozwa na wanawake. Chakula kiligawiwa kupitia viongozi, kikawafikia kwanza walio karibu na viongozi, na mjane mwenye watoto alikuwa mwisho wa mstari. Mwishoni mwa 1994 Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka kwenye kambi hizo wakisema hawawezi kuendelea kuwalisha wauaji ili wawatibu wanaoonewa. Kama walifanya haki au hapana, hilo linahitaji makala yake peke yake.

Nililolishika mimi ni lile la mjane. Mwanawe anakonda, anaandikwa, analishwa maziwa, ananenepa, anarudishwa kwenye kibanda kilekile kisicho na unga, na baada ya muda anarudi amekonda. Unamlaumu nani? Ukimkuta mama yule anagawa maziwa ya mgonjwa, je, yeye ndiye mwizi, au mwizi ni yule aliyeketi juu ya magunia na orodha ya majina hewa? Waendeshaji wa shughuli hizi walijifunza, taratibu na kwa gharama. Leo katika mipango mizuri mtoto anapoandikwa, kaya yake nayo hupewa unga na mafuta, kusudi chakula dawa kisilazimike kuwa chungu cha nyumba nzima. Yaani waliacha kumhubiria mama, wakaongeza chakula. Kwangu mimi huo ndio ushahidi kwamba mama hakuwa na hatia: aliposhibishwa na wenzake, aliacha "kuiba".

Utaniambia, na je, kama hakuna cha kuongeza? Swali zuri, na si la zamani. Kiwango kinachokubaliwa duniani ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Juni 2023 mgao wa wakimbizi wa Burundi na Kongo katika kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, ulishushwa hadi nusu kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Nusu! Pale nesi hana unga wa kumpa mama wa kwenda nao. Ana utepe, daftari, na pakiti za walio kwenye nyekundu. Lazima amkatae mtoto wa milimita 116. Simwambii asimkatae, maana akimwandika huyo, yupo wa 108 atakayekosa, na huyo wa 108 atakufa mapema zaidi.

Ninachomwomba ni kidogo, nacho ni cha maneno, kwa kuwa mimi kazi ninayoitamani ni ya maneno. Asimwambie mama wa 116 kwamba mtoto wake hajambo. Amwambie hatuna. Na yule aliyegawa asimwite mwizi, amwulize nyumbani wako wangapi.

Yule nesi wetu alianza kuuliza hivyo, bila mimi kumwambia lolote. Aliniamuru niandike pembeni ya kila jina, kwa penseli, idadi ya watoto waliobaki nyumbani. Yule mama: watatu. Mwingine: watano. Mwingine: mmoja, na bibi kipofu. Siku moja nikamwuliza namba zile zinapelekwa wapi. Akasema hazina pa kupelekwa, fomu tunayotuma haina safu yake. Akanipa penseli nyingine, ile ya kwanza ilikuwa imekwisha.