Neno "Asili" ni Ushahidi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumepokea suala kutoka kwa fundi mmoja wa magari katika wanaohudhuria darsa yetu. Asema kwamba ameletewa Land Rover kuukuu, pikapu, na mwenyewe ataka irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, apate kuiuza kwa wapendao magari ya kale. Watu hao hutoa bei kubwa kwa gari lililobaki katika asili yake, na hutoa kidogo kwa lililochanganywa. Fundi auliza kwanza kama kazi hii ni israfu. Kisha auliza lililo zito zaidi: mwenye gari amemtaka atie vipande vipya, avisugue na kuvichakaza mpaka vionekane vya zamani, na kwa kuwa chesi imekwisha kwa kutu, amemtaka akibandue kibati cha namba na kukipigilia kwenye chesi ya gari jingine, ili mnunuzi adhani kuwa ni ile ile.

La kwanza ni jepesi. Kutengeneza kilichoharibika ni katika kuhifadhi mali, na Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake mwenyewe. Hatuoni tofauti baina ya mtu anayeutengeneza mlango wa nakshi aliouacha babu yake na mtu anayetengeneza gari la babu yake. Israfu yaingia kwa mlango mwingine. Mtu ambaye hajatoa zaka, na watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa karo, naye usiku kucha atafuta taa ya mwaka wa 1958 huko Uingereza, huyo ajihoji nafsi yake, kwani jawabu analo.

Ama la pili, lataka kwanza tulijue neno lenyewe. Nini maana ya kusema kuwa gari hili ni la asili?

Kampuni ya Rover ya Uingereza iliionyesha Land Rover kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma, na chuma kilikuwa adimu, basi bodi wakaifanya kwa aluminiamu, na chesi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, wakaifanya kwa chuma. Sisi watu wa mwambao twayajua matokeo ya jambo hilo hata kama hatukuijua sababu yake. Hewa ya chumvi haiishindi upesi bodi, walakini chesi huila, na pale chuma na aluminiamu vinapogusana, aluminiamu ndiyo huliwa zaidi. Mtu huliona gari limesimama zima, akalipenda. Lau angelala chini yake akagonga kwa nyundo, nyundo ingetokea upande wa pili.

Tena, asili ya gari hili si moja. Wenyewe walioliunda walikuwa wakiligeuza mwaka baada ya mwaka. Pikapu ndefu ya inchi 107 ilitoka kwa ajili ya mwaka wa 1954. Mwaka wa 1958 ikaja aina ya pili, na bodi yake ikabadilika. Na karibu na mwisho wa miaka ya 1960 taa kubwa za mbele zikahamishwa kutoka kifuani mwa gari zikatiwa katika madigadi. Basi fundi akichukua madigadi yenye taa, yaliyotoka kiwandani kwa haki, akayafunga katika gari la mwaka wa 1960, atakuwa ametia kitu cha kweli mahali pa uwongo. Wasomaji wetu na waliweke jambo hili akilini, kwani tutalihitaji mbele.

Na njia ya kuijua asili ni ipi? Si macho, wala si mapenzi, wala si kusema kwamba hivi ndivyo tulivyoyazoea magari haya tangu utotoni. Njia ni daftari. Katika makumbusho ya magari yaliyoko Gaydon, Uingereza, zimehifadhiwa daftari za kiwanda, nao hutoa cheti kinachoeleza gari la namba fulani liliundwa siku gani, lilikuwa na injini ya namba gani, rangi gani, na lilipelekwa wapi. Mwaka wa 2018 ilitangazwa kwamba limepatikana, maili chache tu kutoka Solihull lilikoundwa, moja katika magari yale yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948. Lilikuwa limewekwa miaka ishirini katika konde huko Wales likitumiwa kama mtambo wa kutoa nguvu tu, kisha likalala katika bustani ya nyumba. Mafundi wa kampuni hawakulirukia kwa msasa na rangi. Walikaa miezi katika kumbukumbu za kampuni wakitafuta ushahidi kwamba ndilo. Na walipothibitisha, wakaazimia kuviacha vipande vya awali na uchakavu wake wa haki, kwa kuwa rangi iliyopauka juu ya kipande cha mwaka wa 1948 ni ya asili, na rangi inayong'aa si ya asili.

Watu hawa hawakutafuta thawabu, walitafuta gari. Lakini kanuni waliyoishika ni kanuni tuliyoamrishwa sisi katika Suratul Israi, ambapo Mola wetu ametukataza kuyafuata tusiyo na ilimu nayo, na akatuhadharisha kwamba masikio na macho na moyo, vyote vitaulizwa.

Kwa hivyo twasema: mwenye kusema "hili ni la asili" ametoa ushahidi. Akiwa na bayyina, ni mkweli. Akiwa hana, amesema asilolijua. Na akijua kuwa si hivyo, ni shahidi wa uwongo, na ushahidi wa uwongo Bwana Mtume ameuhesabu pamoja na madhambi makubwa kabisa. Mtume alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikakuta umaji. Mwenyewe akatoa udhuru kwamba ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuuweka umaji ule juu watu wauone, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Kutu ya mwambao ni kama mvua ile, hakuna anayelaumiwa kwayo. Lawama ni kuificha.

Na fundi asiseme, "Mimi si muuzaji, mimi ni mkono tu." Sahaba Wathila bin al-Asqa alimwona mtu anatoka na ngamia aliyenunua, akamfuata mbio, akamuuliza amtaka kwa safari au kwa nyama. Alipojibiwa kuwa ni kwa safari ya Hija, akamjulisha kwamba kwato za ngamia yule zina tundu. Muuzaji akakasirika kwamba ameharibiwa biashara yake. Wathila akamjibu kuwa amemsikia Mtume akisema ya kwamba si halali kwa muuzaji kuficha aibu ya anachokiuza, wala si halali kwa anayeijua kunyamaza. Na maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wameishika hukumu hiyo: asiyekuwa muuzaji naye, akiijua aibu, ni wajibu wake kumwambia mnunuzi.

Jawabu la ndugu yetu basi ni hili. Kutia vipande vipya yafaa, bora viandikwe katika karatasi, kimoja kimoja, na karatasi ifuatane na gari. Kuvichakaza ili kumdanganya mnunuzi ni haramu. Kuihamisha namba ni haramu iliyo kubwa zaidi, mbali na kuwa ni kosa katika sheria ya nchi, na ujira wa kazi hiyo si halali. Mwenye gari akikataa, na aipeleke kwingine, na riziki yamilikiwa na Mwenyezi Mungu.

Hapa tungeweza kukoma. Lakini neno hili "asili" silo la gereji peke yake. Limo misikitini mwetu na majumbani mwetu, na wengi walitamkao wametoa ushahidi bila ya kufungua daftari.

Tazameni mambo ya msiba. Jaafar bin Abi Talib alipouawa shahidi katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Bwana Mtume aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Hiyo ndiyo asili, imeandikwa, nayo ni wazi: majirani wapika, wafiwa wala. Sasa tazameni tunayoyafanya. Mjane hajamaliza kulia aulizwa mchele uko wapi. Akopa dukani, auza kipande cha dhahabu alichoachiwa, ili sisi, wenye afya zetu na kazi zetu, tushibe katika nyumba ya mayatima. Tukikatazwa twasema, "Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu." Hoja hiyo Mwenyezi Mungu ameirudi katika Suratul Baqara, na hatukuona popote kwamba ameikubali. Na mengine tunayoyafanya ni kama yale madigadi yenye taa: dhikri yenyewe ni ya haki, imetoka kwa Mtume, walakini tumeifunga kwa idadi na siku na mahali ambapo hakuifunga yeye, kisha twamwona asiyeifanya kuwa amepungukiwa na dini.

Upande wa pili wako vijana wetu, nao twawapenda, na wengine ni wanafunzi wetu. Kijana asikiliza darsa mbili tatu katika simu, akaingia msikitini na msasa mkononi. Amwona mzee anaomba kunuti katika Sala ya Alfajiri, amwambia mbele ya watu kuwa huo ni uzushi. Ee kijana, ulifungua daftari gani? Kunuti hiyo ni kauli ya Imamu Shafii, ina hadithi alizozitegemea, na maulamaa wakubwa wamehitalifiana juu yake tangu karne za mwanzo. Waweza kufuata kauli nyingine, hukatazwi. Lakini kumwita mzee mzushi kwa jambo hilo ni kukwaruza kipande cha asili ukidhani ni kutu. Na aluminiamu, kama wajuavyo mafundi, ni laini. Ikitobolewa haiingii mkononi mwa kila mchomeleaji.

Na tumchukue aliyeijua asili kuliko watu wote. Makureshi waliijenga Al-Kaaba upya kabla ya Utume, na mali ya halali ikawapungukia, wakaacha sehemu ya nyumba nje, ndiyo hiyo Hijri ionekanayo hata leo, na mlango wakauinua juu ili wamtie wamtakaye na kumzuia wamtakaye. Bwana Mtume alimweleza Bibi Aisha haya, na akamwambia kwamba lau si watu wake kuwa karibu bado na zama za ukafiri, angaliivunja na kuijenga juu ya misingi ya Nabii Ibrahimu, na angaliiwekea milango miwili chini, sawa na ardhi. Ilimu alikuwa nayo, na baada ya kuifungua Makka uwezo alikuwa nao. Akaiacha.

Ajabu ni yaliyofuata. Abdullahi bin Zubeir, aliyekuwa mpwa wa Bibi Aisha, aliposhika utawala wa Makka na Al-Kaaba ikaungua mwaka wa 64, aliichimba mpaka misingi ya Ibrahimu ikaonekana, mawe kama nundu za ngamia, akawaonyesha watu wakashuhudia, akajenga juu yake. Alipouawa mwaka wa 73, Hajjaj aliivunja sehemu hiyo kwa amri ya Abdul Malik bin Marwan, akairudisha katika umbo la Makureshi. Kisha Abdul Malik akathibitishiwa hadithi ya Bibi Aisha, akatamani lau angaliiacha kama alivyoijenga Ibn Zubeir. Na baadaye khalifa mmoja wa Bani Abbasi alipomshauri Imamu Malik kuirudisha tena katika misingi ile, Imamu alimsihi asifanye, kwa hofu kwamba Nyumba ya Mwenyezi Mungu itakuwa mchezo wa wafalme, huyu akivunja na yule akijenga, mpaka haiba yake itoke katika nyoyo za watu.

Angalieni, Bwana Mtume hakusema kwamba jengo la Makureshi ndiyo asili kwa kuwa watu wamelizoea. Alisema kweli, kwa Bibi Aisha, na kweli hiyo ikahifadhiwa mpaka ikatufikia sisi. Aliloliahirisha ni nyundo. Na masanamu yaliyokuwa kuizunguka nyumba ile ile hakuyaahirisha; yaliangushwa siku hiyo hiyo Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8. Kazi ya ilimu ni kupambanua lipi ni sanamu na lipi ni ukuta uliopunguka.

Kwa hivyo katika darsa yetu hatutaanza na kunuti, wala hatutasimama kwenye mlango wa msiba kuwafukuza watu. Tumeafikiana kuanza na chungu cha wali. Akifa mtu katika mtaa, watu wa darsa, kila mmoja kwa uwezo wake, watapika chakula cha mchana na cha usiku wa siku hiyo na kukipeleka kwa wafiwa, na sisi wenyewe tutakula majumbani mwetu. Masufuria mawili makubwa yamekwisha patikana. Anayeweza kusaidia kwa mchele, kuni au mikono, na atuone baada ya Sala ya Isha, siku ya Alhamisi.